Seva ya Akiba na Wadeni wa Ghorofa ya Pili

Katika nyumba yetu ya Magomeni, mwenye madaraka makubwa hakuwa mama mwenye nyumba. Ilikuwa kompyuta moja kuukuu iliyokaa chini ya meza ya steshenari, nyuma ya katoni za karatasi za A4 na ndoo ya deki. Haikuwa na kioo wala kibodi. Ilikuwa na taa moja ya kijani, feni iliyokwaruza, na kibandiko kilichoandikwa "USIZIME". Aliyekisoma kwa makini kuliko wote alikuwa mtoto wa chekechea anayejifunza herufi, naye alipomaliza kukisoma akabonyeza swichi aone itakuwaje. Simu ya mpangaji yeyote, TV yake, kamera ya getini, hata printa ya steshenari yenyewe, havikugusa intaneti mpaka kompyuta ile iwe imevipa anwani.

Kwa asiyeijua kazi hii: kifaa chochote kinachoingia kwenye mtandao lazima kiwe na namba yake, anwani ya IP, la sivyo data zinazotumwa hazijui zimfuate nani. Zamani mtu wa kompyuta alizunguka na daftari akiandika namba kwa mkono, mashine moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 ukatoka utaratibu wa kuzigawa zenyewe, unaoitwa DHCP, ulioandikwa na Ralph Droms wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Na toleo ambalo ndilo msingi mpaka leo aliliandika yeye pia, 1997. Ukiuangalia vizuri, huu ni udalali wa vyumba. Simu ikiingia inapaza sauti: "Jamani, kuna dalali hapa?" Seva, yaani kompyuta inayogawa anwani, inajibu: "Nipo, nina chumba, 192.168.1.57." Simu inasema: "Hicho hicho, nakichukua." Seva inamaliza: "Haya, chako, lakini kwa saa nane tu." Maneno manne, yamekwisha kabla hujakohoa, na hakuna anayedai kodi ya miezi sita mbele wala mwezi mmoja wa dalali.

Hizo saa nane zishike, maana ndizo zilizotugombanisha. Mpangaji mwenye busara hangoji mkataba uishe. Muda ukifika nusu anamrudia dalali yule yule kuomba aongezewe. Asipojibiwa, zikifika asilimia 87.5 anapiga kelele mtaa mzima, dalali yeyote amsikie. Akikosa kabisa, muda ukiisha anatoka na virago vyake.

Sisi wenyewe tulipata anwani baada ya simu zetu. Kabla ya 2022, mwaka wa ile Operesheni ya Anwani za Makazi iliyosimamisha nguzo za majina ya mitaa na kupigilia vibao vya namba, nyumba yetu ilielekezwa hivi: shuka Mapipa, vuka Barabara ya Morogoro, muuza kahawa mwache kushoto, nyoosha mpaka kwenye harufu ya vitumbua, hapo ulizia. Sasa kibao tunacho, kinang'aa, na hakuna aliyekikariri. Fundi aliyekuja kutusaidia baadaye anatoka Mwembechai, ambako ni kutembea tu. Tulimtumia namba ya nyumba na jina la mtaa. Akapiga simu: "Kaka, ndiyo pale kwa mama wa vitumbua?"

Kompyuta ya chini ya meza iliwekwa na mpwa wa mama mwenye nyumba, kijana aliyesomea mambo hayo kisha akapata kazi Dodoma na kutuachia matunda ya elimu yake. Laini ya faiba ni moja, wapangaji tunachangia elfu kumi kwa mwezi kila chumba. Ili asiyelipa asitumie, mpwa aliandika kwenye kompyuta orodha ya vifaa vya waliolipa. Mwenye jina kwenye orodha anapewa anwani. Asiye na jina hatukanwi, hafukuzwi. Kompyuta inanyamaza tu, naye anabaki akitazama simu yake ikitafuta anwani mpaka ichoke.

Orodha hiyo ilikuwa na visa vyake. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu nyingi zimejifunza kuficha namba halisi ya kiwandani na kujitambulisha kwa namba ya bandia kila zinapoingia mtandao mpya, ili zisifuatiliwe. Nia njema. Lakini mpangaji akifuta mipangilio ya mtandao kwenye simu na kuanza upya, au akibadilisha simu, anarudi kwenye orodha akiwa mgeni, na wa kulaumiwa ni katibu wa intaneti, yaani mimi. Cheo hiki hakikugombewa. Nilionekana nikishuka ngazi na laptopu, ikatosha.

Kilichotuangusha hasa ni Luku. Kompyuta ilikula umeme wa steshenari, na mwenye steshenari ni mtu wa kununua uniti za elfu mbili mbili. Boksi la faiba na vifaa vya waifai vya ngazini vilikula umeme wa mama mwenye nyumba, ambaye ana sola na betri kubwa huko juu kwa sababu hakubali kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Basi Luku ya steshenari ikiisha, au ikifika zamu yetu ya mgawo kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023, intaneti ilibaki hai, waifai ikabaki imejaa mistari, isipokuwa mgawaji wa anwani amezimika. Na nyumba haikukatika yote kwa wakati mmoja. Ingekatika yote tungelala kwa amani.

Chukua siku ambayo Luku imeisha muda mfupi kabla ya saa nne asubuhi. Mwanafunzi wa ghorofa ya kwanza amewasha simu saa kumi na mbili alfajiri, mkataba wake unafika saa nane mchana. Dada wa saluni amefungua saa mbili, yeye anakwenda mpaka saa kumi jioni. Mzee mstaafu wa reli huzima simu usiku kucha na kuiwasha saa tano, baada ya chai na magazeti ya jana. Huyo hapati kitu. Laptopu yangu ikikosa wa kuijibu hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, ambayo haifiki popote nje ya chumba changu. Mzee akaja kubisha hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Katibu, mimi na yule binti wa saluni tunalipa sawa au hatulipi sawa?"

"Mnalipa sawa, mzee."

"Mbona yeye anaangalia tamthilia na mimi simu inatafuta anwani tangu saa tano? Anwani yangu ameichukua nani?"

Nikamweleza habari za saa nane, kwamba mkataba wa dada bado haujaisha na wa kwake uliisha usiku akiwa amelala.

"Mkataba wangu uliisha usiku?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nimelala?"

"Ndiyo."

"Nani alisaini kwa niaba yangu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka magharibi habari ilikuwa imefika getini kwamba katibu anawapangia watu saa za intaneti kwa kuangalia sura. Saa kumi jioni dada wa saluni naye alikatika, lakini kwa mzee hilo lilikuwa ushahidi zaidi: nimeogopa, nimemkata na yeye.

Kikao kiliitishwa Jumapili verandani kwa mama. Ajenda ya kwanza ilikuwa kufungua kikao, ya pili seva ya akiba, ya tatu mengineyo. Na kwa desturi ya nyumba yetu tukaanza na mengineyo. Nani anaacha nguo kwenye kamba mpaka asubuhi. Nani hafungi geti. Tulipoifikia seva jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa veranda. Nikaeleza kwamba dawa ni kuweka mgawaji wa pili, akae kwenye umeme wa betri, wa kwanza akizimika huyu ashike kazi.

Mama mwenye nyumba akasema, "Mmoja kawashinda, mnataka wawili?"

Dada wa saluni akatoa wazo la maana kuliko yote yaliyotolewa siku ile: tumwongezee mwenye steshenari uniti za umeme, yaishe. Mwenye steshenari akaliunga mkono kwa moyo wote. Mweka hazina wetu, ambaye ana duka la dawa na hesabu zake hazina masihara, akalizima hapo hapo: "Tukianza kumnunulia Luku, mwezi ujao tutamnunulia karatasi."

Ndipo mwenyekiti akakohoa. Mwenyekiti wetu ana biashara ya mabegi Kariakoo, na kwa mtu wa Kariakoo hakuna tatizo ambalo haliuzwi mtaa wa pili kwa bei ya jumla. Akasema, "Niachieni mimi." Tukamwachia. Kikao kikafungwa kwa dua.

Akarudi na ruta ya mtumba ndani ya mfuko wa kaki. Muuzaji alikuwa amemwambia, kwa mujibu wa mwenyekiti mwenyewe, "Bosi, hii inagawa anwani yenyewe, huhitaji fundi wala nani." Alikuwa anasema kweli tupu. Usiku mwenyekiti akaichomeka kwenye swichi ya mtandao pale ngazini, nyuma ya rafu ya viatu, akaenda kulala bila kumwambia mtu, maana alitaka iwe zawadi.

Asubuhi nyumba nzima ilikuwa na waifai mistari yote, na intaneti hakuna.

Ruta nyingi hutoka kiwandani huduma ya DHCP ikiwa imewashwa tayari. Ile ilianza kazi usiku ule ule, ikigawa namba za 192.168.0, na kila iliyempa namba ikamwambia kwamba njia ya kutokea nje inapita kwake. Kwake hakukuwa na njia. Nyuma yake kulikuwa na viatu. Na simu haina ujirani wala shukrani, inachukua ofa inayoisikia kwanza. Kompyuta ya steshenari ilipekua kwanza orodha ya waliolipa ndipo ijibu. Ruta mpya haikuwa na cha kupekua, ikawahi. Baadhi ya wapangaji ambao mikataba yao ya zamani ilikuwa bado hai waliendelea vizuri, wakawa wanawacheka wenzao, mpaka zamu yao ilipofika na wao wakaangukia kwenye rafu ya viatu. Hata wale ambao hawajawahi kulipa walipata anwani kwa mara ya kwanza. Wakapanda ngazi kushukuru, wakakuta wanaolipa wanalia.

Fundi wa Mwembechai alifika mchana, akaomba maji ya kunywa, akachomeka laptopu. Alitazama kwa muda mfupi sana. "Hapa mna madalali wawili," akasema, "na mmoja wao ni tapeli." Akaufuata waya kwa kidole, ukutani, chini ya ngazi, akasogeza ndala za watoto na buti la mlinzi, akaibua ruta inapepesa taa zake.

"Hii ya nani?"

Tukatazamana. Mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Hiyo ndiyo akiba."

Fundi alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mwenyekiti, akamweleza kwa heshima kwamba ruta haina kosa. Ingezimwa huduma ya kugawa anwani ingefaa kabisa kusambaza waifai. Lakini wagawaji wawili wasiojuana ndani ya mtandao mmoja wataharibu, hata kama kila mmoja ana nia nzuri. Kuna njia za kuwajulisha. Microsoft waliweka moja kwenye Windows Server tangu toleo la 2012: seva mbili zinashika daftari moja, mmoja akimpangisha mtu mwenzake anajua. Internet Systems Consortium, wenye ile seva ya DHCP iliyotumika miaka mingi duniani, waliacha kuihudumia 2022 na kuwahamishia watu kwenye Kea, nayo inafanya hivyo hivyo, seva mbili zinajuliana hali kila mara: upo, nipo. "Ila kwa mashine zenu hizi," fundi akasema akiitazama kompyuta ya chini ya meza, "umri wote utaishia kwenye kujuliana hali."

Akashauri njia ya wazee, ya kugawana vyumba. Mtandao wetu ungegawa anwani mia mbili, kuanzia 192.168.1.10 mpaka 192.168.1.209. Seva ya kwanza ishike asilimia themanini, yaani 10 mpaka 169. Seva ya akiba ishike ishirini iliyobaki, 170 mpaka 209. Zote mbili zielekeze kwenye boksi lile lile la faiba. Kwa kuwa hakuna inayogusa vyumba vya mwenzake, haiwezi kutokea simu mbili zikapewa chumba kimoja, hata zisipopigiana simu maisha. Ikizimika ya kwanza, wanaoomba wanapewa kwenye zile arobaini mpaka umeme urudi.

Hesabu iliyonyooka namna hii ilistahili kupita bila kupingwa. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili akasimama. Alikuwa anadaiwa michango tangu kabla ya Ramadhani, lakini kwenye kikao hakuwahi kukosa hoja.

"Naomba kujua. Seva ya chini inapewa mia na sitini, ya juu arobaini. Sisi wa juu si watu?"

Fundi akamweleza kwamba anwani hazigawiwi kwa ghorofa, ni dharura tu. Akajibu kwamba hata dharura iwe ya haki. Ikabidi mama mwenye nyumba aingilie: "Wewe na deni lako, kaa." Akakaa. Huo ndio ulikuwa mjadala wetu wa ubora wa huduma.

Mzee wa reli yeye alikuwa na swali lililonipendeza. Aliuliza kama jirani wa nyumba ya pili naye anaweza kuwa na 192.168.1.57. Fundi akamwambia anayo pengine hivi sasa, na wengine wengi mpaka Kariakoo, kwa sababu namba hizo zilitengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani ya nyumba, kila nyumba na zake, kwa vile namba za nje ni takriban bilioni 4.3 tu na dunia ina vifaa zaidi ya hivyo. Mzee akatikisa kichwa. Akasema ndiyo maana barua zake za pensheni zinapotea.

Kompyuta ya pili tuliifuata Kariakoo, mimi na fundi, kwenye duka la vifaa vya mtumba. "Mzee wangu," muuzaji akaniambia, "hii imetoka ofisini Uingereza, aliyeitumia ni mtu mmoja, tena mama." Fundi akafungua kifuniko. Akatoka mende, na mende yule hakuwa wa Uingereza. Bei ikashuka bila mabishano zaidi.

Tatizo likawa pa kuiweka. Betri iko kwa mama, kwa hiyo kompyuta ilibidi ikae sebuleni kwake, pembeni ya TV. Mama alikubali kwa masharti: isipige kelele, isitoe waya unaoonekana, na isiaibishe nyumba mbele ya wageni. Tulipoondoka aliifunika kwa kitambaa cha kudarizi, juu yake akaweka chombo cha maua ya plastiki. Fundi alipogusa ubavu wake baada ya muda alitoa mkono haraka.

"Mama, samahani, hii inahitaji hewa."

"Na sebule yangu inahitaji heshima, mwanangu."

Walivutana kwa adabu mpaka chai ikaletwa. Muafaka ukawa kitambaa kibaki, ila kona ya upande wa feni ikunjwe na kushikwa kwa pini ya nguo, na maua yahamie juu ya TV. Ipo hivyo mpaka leo. Mgeni akiuliza ni nini, mama anajibu, "Hiyo ndiyo inayowapa watoto anwani," na mgeni hunyamaza.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo akili ya binadamu ilipoipita ya mashine. Fundi alitaka seva ya kwanza iwe ndiyo mwenye kazi, ya akiba isubiri. Akaipangia ya akiba isijibu mara moja. Ikisikia simu inaomba anwani itulie kidogo, ikiona kimya, ndipo ijibu. Utaratibu wa kawaida kabisa, mafundi wengi hufanya hivyo. Orodha ya waliolipa ilikuwa bado kwenye seva ya chini, imeandikwa kwa mtindo ambao mpwa wa Dodoma peke yake ndiye aliyeuelewa. Fundi akasema atakuja kuihamisha, akaenda zake.

Amani ikaingia nyumbani. Luku ya steshenari iliisha, hakuna aliyejua. Mgawo ulipita, mzee aliwasha simu yake saa tano akasoma magazeti. Hakuna aliyebisha hodi kwangu. Mweka hazina peke yake ndiye aliyeanza kukosa raha. Tarehe tano ilifika, tarehe kumi ikapita, wasiolipa wakazidi kuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika kwamba amekatiwa. "Katibu," akaniambia, "mtu halipi na halalamiki? Hapo kuna kitu."

Kulikuwa na kitu. Mdeni akiomba anwani, seva ya chini inatazama orodha, haimwoni, inanyamaza. Seva ya akiba iko juu imetulia chini ya kitambaa, inasikiliza. Inaona ombi limetoka, halikujibiwa. Yenyewe haina orodha, haijui habari za madeni. Inajua tu kwamba mwenzake yuko kimya, na kimya kwa jinsi ilivyofundishwa maana yake mwenzake amekufa. Inamhurumia mdeni, inampa anwani. Aliyelipa alipata intaneti mara moja. Asiyelipa aliipata baada ya sekunde chache. Nyumba nzima ilikuwa imegundua jambo hilo kabla yetu, na tofauti ya sekunde chache na shilingi elfu kumi watu walikuwa wameshaipigia hesabu.

Fundi alirudi, tukafungua seva ya mama kutazama waliopangishwa. Kuanzia 170 kwenda juu walikuwa wadeni watupu, kila kifaa na jina lake: simu, TV, hadi kompyuta ya michezo ya mtoto wa mtu ambaye kila mwezi husema mshahara haujatoka. Fundi alitaka kurekebisha papo hapo. Mweka hazina akamzuia mkono. Akachukua kalamu, akanakili orodha yote kwenye daftari lake la duka la dawa, taratibu, akilamba kidole akigeuza kurasa. Katika historia ya nyumba ile haikuwahi kuwepo orodha ya wadeni iliyo kamili namna hiyo, na ilikuwa imetayarishwa na wadeni wenyewe.

Jioni alipanda ngazi kugonga milango. Hakutumia majina. "173, una miezi miwili. 180, wewe na TV yako. 191 yupo ndani?" Ghorofa ya pili ilisikika watu wakizima taa. Bwana wa hoja ya haki za wa juu alikuwa 176, na alipoona namba yake imeandikwa kwa wino alilipa miezi yote kwa simu, akaongeza na senti za kutolea. Ameitwa 176 tangu siku hiyo. Watoto wa getini humwamkia hivyo, "Shikamoo 176," naye huitikia.

Orodha ikahamishwa, seva zote mbili zikaanza kunyamazia watu wale wale. Malalamiko yakarudi. Kwenye kikao kilichofuata mtu mmoja alisimama, kwa uso mkavu, akasema seva ya akiba imeharibika kwa sababu siku hizi haimsaidii.

Kisha ikaja Jumapili ya 12 Mei 2024. Umeme upo. Luku ina uniti. Seva ya chini inakwaruza, ya juu inapumua kupitia kona yake ya kitambaa. Anwani zote zimetolewa, madeni yamelipwa, nilikuwa nimeanza kujiona mtawala. Intaneti ikakatika, si kwetu tu, nchi ikajikuta inasuasua pamoja na majirani zake. Nyaya mbili za baharini zinazotuunganisha na dunia, Seacom iliyofika Dar es Salaam 2009 na EASSy iliyoanza kazi 2010, zilipata hitilafu siku moja upande wa Afrika Kusini. Wapangaji walikusanyika mlangoni kwangu. 176 alikuja na risiti.

Nikawaeleza. Mama akauliza nani kachomoa. Nikasema haikuchomolewa, imekatika baharini, mbali. Mzee wa reli akasogea mbele, akanitazama kwa huruma kidogo.

"Na wao hawakuweka akiba?"

"Waliweka, mzee. Nyaya ni mbili."

"Ikawaje?"

"Zimekatika zote."

Akafikiri. "Zilikuwa sebule moja," akasema, akarudi chumbani kwake kusoma gazeti la jana.

Nyaya zilitengenezwa, tukaendelea. Mwenyekiti bado ana ruta yake. Fundi ameizima huduma ya DHCP na sasa inasambaza waifai upande wa saluni, na mwenyekiti huwaambia wageni kwamba bila yeye nyumba isingekuwa na akiba. Mwenye steshenari bado ananunua uniti za elfu mbili mbili.

Chumba kimoja cha ghorofa ya pili kimebaki wazi, madirisha mawili, maji yapo, kodi ongea na mama mwenyewe. Anayekitaka ashuke Mapipa, aulizie kwa mama wa vitumbua. Intaneti ni elfu kumi kwa mwezi na inalipwa kwa mweka hazina, duka la dawa, si kwa katibu. Mwenye ruta yake aje nayo ndani ya begi, na abaki nayo humo humo mpaka fundi wa Mwembechai aione.